Kinga Inalia: Namna ya Kuchagua Friwili

Ukisimama asubuhi na mapema kando ya njia ya Kasenga, au ya Likasi, au ya Kipushi, utawaona wanaume wakiingia Lubumbashi na kinga zao. Hawakuzipanda, wanazisukuma. Juu ya kila kinga pana magunia ya makala yaliyofungwa kwa kamba, na mara nyingi mzigo umepita urefu wa mtu. Kiti hakionekani. Mnyororo hauonekani. Waona makala tu, na chini yake miguu miwili yenye vumbi jekundu. Makala hayo ndiyo yanayowaka katika mbabula za mama zetu, na kupika bukari ya mchana.

(Katika vitabu vingine mtasoma neno baisikeli. Ni kitu kilekile. Sisi wa Katanga twasema kinga.)

Sasa fumba macho, usikilize. Kinga moja yapita kimya. Nyingine yalia tik-tik-tik. Nyingine yagonga, ka! kisha kimya kidogo, kisha tena ka! Nyingine yasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Kila sauti ina sababu yake. Mwenye masikio mazuri aweza kuijua sababu kabla ya kushika spana, na mtu wa namna hiyo hapotezi fedha yake.

Siku moja wakati wa kiangazi, baba wa mtoto mmoja wa darasa la tano alikuja kwenye karakana ya misioni na kinga yake. Alikuwa ameuza makala yake yote, akabaki na vumbi lake na fedha yake. Akanisalimu, akasema:

"Frère, kinga hii inalia mpaka watu wanageuka kunitazama. Nimeambiwa ninunue friwili mpya. Fedha ya friwili ninayo. Lakini nikikosea, sina ya mara ya pili, maana ile nyingine ni ya masomo ya mtoto."

"Umeambiwa na nani, baba?"

"Na kila mtu."

Nikamwambia aketi. Mwanawe akasimama karibu naye, na wanafunzi wengine watatu wakaja kutazama, maana hakuna kitu kinachovuta watoto kama kinga iliyopinduliwa miguu juu.

Kwanza yafaa kujua friwili ni kitu gani. Tazama gurudumu la nyuma la kinga. Upande wa kuume, katikati, pana duara dogo la chuma lenye meno, na mnyororo umepita juu ya meno hayo. Duara hilo ndilo friwili. Kwa Kifaransa huitwa roue libre, yaani gurudumu huru. Jina la friwili ni la wenzetu wa Tanzania na wa Kenya (nasema nchi ya Kenya, si mtaa wetu wa Kenya hapa mjini).

Huru kwa nini? Kwa sababu ukikanyaga pedali, duara hilo lashika gurudumu na kulivuta. Lakini ukiacha kukanyaga, gurudumu laendelea kuzunguka peke yake, na pedali zakaa kimya chini ya miguu yako. Kinga za kwanza hazikuwa hivyo. Gurudumu lilipozunguka, pedali nazo zilizunguka, upende usipende, na mtu akishuka mlimani ilimbidi atoe miguu au akimbizane na pedali zake mwenyewe. Mwaka 1869 mtu mmoja wa Marekani, William Van Anden, alipata hati ya serikali kwa kifaa cha kuliacha gurudumu lizunguke huru. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla kinga zote za kawaida kuwa nacho.

Je, chuma kinajuaje wakati wa kushika na wakati wa kuachia? Fikiri juu ya mlango wenye kitasa cha springi. Ukiusukuma ufungike, ulimi wa kitasa warudi nyuma, mlango wapita, kisha ulimi waruka na kuingia tunduni: tak! Sasa uvute. Hauji. Ulimi umepita kwa upande wake wa mteremko, lakini kurudi hauwezi, maana upande wa pili umesimama wima.

Ndani ya friwili mna ndimi kama hizo. Friwili imefanywa kwa pete mbili, moja ndani ya nyingine. Pete ya ndani imekazwa juu ya kitovu cha gurudumu. Pete ya nje ndiyo yenye meno ya mnyororo tunayoyaona. Lakini upande wake wa ndani ina meno mengine, yaliyolala upande mmoja kama meno ya msumeno. Katikati ya pete hizo mbili mna ndimi ndogo za chuma, mara nyingi mbili, na kila moja ina springi nyembamba inayousukuma nje. Tena mna gololi nyingi ndogo, ili pete moja izunguke juu ya nyingine bila kukwaruzana.

Ukikanyaga, meno ya ndani yazishika ndimi, na pete zote mbili zaenda pamoja kama kitu kimoja. Ukiacha kukanyaga, ndimi zateleza juu ya migongo ya meno, moja baada ya moja, tik-tik-tik-tik. Chukua kitana, upitishe ukucha juu ya meno yake: utasikia sauti ileile.

Basi hapo tumekwisha kupata jambo la maana kuliko yote katika habari hii, nalo watu wengi hawalijui. Ndani ya friwili vitu husogea wakati gani? Wakati wa kukanyaga? La! Wakati wa kukanyaga, ndimi zimeshikwa, gololi hazizunguki, pete mbili zimefungana. Friwili nzima yazunguka pamoja na gurudumu, lakini ndani yake ni kimya kama kanisa siku ya kazi. Ni wakati wa kutokanyaga ndipo ndimi zinapopiga na gololi zinapozunguka.

Kwa hiyo sauti inayosikika unapokanyaga, nayo hunyamaza mara uachapo, haitoki katika gololi wala ndimi za friwili. Itafute mahali pengine: katika pedali, katika mhimili wa pedali, katika mnyororo. Na sauti inayosikika wakati kinga yaenda bila kukanyagwa, au inaposukumwa kwa mkono, hiyo yaweza kutoka katika friwili. Yaweza pia kutoka katika kitovu cha gurudumu, kwa kuwa kitovu huzunguka sikuzote. Kujua ni ipi, toa mnyororo juu ya friwili, inua gurudumu, ulizungushe. Friwili sasa yazunguka pamoja na gurudumu, haifanyi kazi yoyote. Sauti ikibaki, ni ya kitovu. Sauti ikiondoka, umempata mkosaji. Kisha lizuie gurudumu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili uzungushe friwili peke yake kinyumenyume. Utasikia na kuhisi yote yaliyomo.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa kijana nilikuwa na kinga nzee iliyosaga kila nilipopanda kilima. Sikumwuliza mtu. Nilinunua friwili mpya, nikaifunga, nikafurahi, nikapanda. Ikasaga zaidi! Tena mnyororo ukaanza kuruka juu ya meno mapya, nami nikaangukia ubao wa fremu kwa namna ambayo sitaieleza katika kitabu cha watoto. Kosa lilikuwa nini? Mnyororo ulikuwa umechakaa. Kila pingili ilikuwa imelegea kidogo tu, lakini zote pamoja zilikuwa zimeurefusha mnyororo, nao haukukaa tena sawasawa katikati ya meno. Friwili ya zamani ilikuwa imechakaa pamoja nao, wakazoeana kama wazee wawili. Friwili mpya haikumtaka mzee yule.

Mnyororo hupimwa hivi. Tangu pini moja hata pini ya pili ni milimita 12.7. Hesabu nafasi 24 namna hiyo, uvute mnyororo unyooke, upime kwa utepe wa seremala. Mnyororo mpya utakuwa na sentimita 30 na nusu, pungufu kidogo sana. Ukifika sentimita 30 na milimita 8, umekwisha. Ubadilishe pamoja na friwili, la sivyo utafanya kama nilivyofanya mimi.

Turudi kwa yule baba. Tulipozungusha pedali, tulisikia ka! mara moja katika kila mzunguko. Hiyo haikuwa friwili. Ilikuwa pini inayoshika mkono wa pedali juu ya mhimili wake. Ilikuwa imelegea, na mkono ulicheza. Tukaigonga iingie, tukakaza nati yake. Ka! ikanyamaza, na fedha haikutoka mfukoni.

Lakini tulipoisukuma kinga, tukasikia sauti ya pili, ya kutafuna mchanga. Tena pedali zilizunguka zenyewe pamoja na gurudumu, na mnyororo ukalegea juu na kuning'inia. Yule baba akatuonyesha miguu yake. Palikuwa na makovu juu ya mifupa ya miguu, mahali ambapo pedali ilimpiga alipokuwa akisukuma.

Fikirini jambo hili. Sisi tunaopanda kinga kwenda shule twakanyaga karibu wakati wote, na friwili yetu hupumzika. Lakini mtu wa makala husukuma kutoka msituni hata mjini, na njia nzima friwili yake yapiga tik-tik bila kupumzika, chini ya vumbi la magari makubwa ya migodi. Akirudi nyumbani bila mzigo ndipo anapopanda. Kwa hiyo friwili yake hufanya kazi ngumu kuliko friwili nyingine zote za mji huu, na akiharibikiwa njiani, magunia hayo hakuna atakayemsaidia kuyabeba. (Wenzetu wa Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na mnyororo wala friwili. Hawana shida hii. Wana nyingine.)

Kabla ya kununua tulijaribu kwanza kuiosha. Tulilaza gurudumu chini, friwili juu. Tukadondosha mafuta ya taa katika ufa ulio kati ya pete mbili, tukazungusha, tukadondosha tena, mpaka yaliyotoka chini yakawa safi. Kazi hii ifanyike mbali na mbabula, mbali na kila moto. Kisha tukatia matone machache ya mafuta mepesi, yale ya cherehani. Mara nyingi hiyo yatosha. Friwili nyingi zinazotupwa zilikuwa na njaa ya mafuta tu. Watu wengine hutia girisi nzito, wakidhani kizito ndicho chema. Ndimi hunata ndani ya girisi, springi ndogo haina nguvu ya kuziinua, na pedali huzunguka bure. Wengine hutia mawese. Mawese ni mema katika sombe. Ndani ya friwili huganda, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, nayo hukusanya vumbi likawa kama udongo wa mfinyanzi.

Friwili ya yule baba ilitoa maji meusi, kisha mekundu kwa kutu, kisha kipande cha gololi kilichovunjika. Hapo tulijua. Haiponi.

Tulienda sokoni pamoja. Nilichukua gurudumu lenyewe begani, na watu walicheka kumwona Frère akitembea na gurudumu moja. Wacheke. Usiende kununua friwili bila gurudumu, kama vile usivyonunua kifuniko bila chupa mkononi.

Friwili hukaa juu ya kitovu kwa nyuzi, ile mikato ya mzunguko unayoiona katika mdomo wa chupa na kifuniko chake. Nyuzi hizo si za namna moja duniani. Kinga nyingi za mizigo za siku hizi hutoka India na China, nazo hufuata kipimo kilichotoka Uingereza: upana wake ni karibu milimita 34.9. Kinga za zamani zilizotengenezwa Ufaransa zilikuwa na kipimo chao, milimita 34.7, na mikato yao hukaribiana zaidi. Tofauti ni sehemu mbili za milimita. Jicho haliioni! Nayo yatosha kuharibu yote. Friwili ya kipimo cha Kiingereza huweza kuingia juu ya kitovu cha Kifaransa mizunguko michache, kisha ikakwama. Au mtu mwenye nguvu na haraka huikaza kwa spana ndefu, ikakwangua nyuzi za kitovu. Hapo hakuna friwili tena itakayoshika, na lazima kununua kitovu, na kusuka spoku zote upya. Kinga za zamani bado zipo vijijini, zimerithiwa kutoka kwa babu, basi tusidhani zote ni sawa. Tena kinga nyingine ndogo za watoto, zenye friwili ya meno machache kuliko 16, zina nyuzi nyembamba za milimita 30.

Hatukuwa na chombo cha kupima kipimo kidogo namna hiyo. Tulitumia vidole. Tulikuwa tumekwisha kuitoa friwili ya zamani karakanani, tukapangusa nyuzi za kitovu kwa kitambaa. Sokoni tukaomba ruhusa ya mwenye duka, tukaweka friwili mpya juu ya kitovu, tukaizungusha kwa vidole tu. Friwili inayofaa huanza vizuri na kushuka mizunguko mitatu au minne kwa vidole, bila kukwaruza na bila kutikisika. Ya kwanza iliingia mzunguko mmoja ikakataa. Mwenye duka akasema, "Leta spana." Nikasema, "Asante, lete nyingine." Ilikuwa na kichuma kidogo kilichobaki katika nyuzi zake kutoka kiwandani. Ya pili ilishuka kama maji.

Likabaki swali la meno. Friwili ya zamani ilikuwa na meno 18. Mwenye duka alikuwa na za 16, 18, 20 na 22. Ile ya 16 ndiyo iliyong'aa kuliko zote na bei yake ilikuwa ndogo, na yule baba aliitazama sana. Nikawaambia watoto, "Fanyeni hesabu." Walikuwa wamekuja, ndiyo. Hawakualikwa.

Duara la mbele, lile la pedali, lilikuwa na meno 44. Gurudumu la kinga ile kubwa likizunguka mara moja, kinga yaenda karibu meta 2.2. Ukikanyaga mzunguko mmoja na friwili ya meno 22, gurudumu lazunguka mara 44 kugawanya kwa 22, yaani mara 2, na kinga yaenda meta 4.4. Kwa friwili ya meno 16, gurudumu lazunguka mara 2.75, na kinga yaenda meta 6 na kidogo.

"Basi 16 ni bora!" akasema mtoto mmoja. "Inaenda mbali."

Ndiyo, inaenda mbali. Lakini nguvu hainunuliwi bure. Kazi ya kupandisha kinga kilimani ni ileile. Ukiifanya kwa kukanyaga mara chache, kila mkanyago utakuwa mzito. Kutoka Lubumbashi hata Kipushi ni karibu kilomita 30. Kwa meno 16 mtu atazungusha pedali karibu mara 5,000. Kwa meno 22 atazungusha karibu mara 6,800. Yule wa kwanza miguu yake yaenda polepole lakini yaumia. Yule wa pili miguu yake yaenda mbiombio lakini kila mkanyago ni mwepesi. Mtu asiye na mzigo katika njia ya tambarare aweza kuchagua 16 au 18. Mtu wa mizigo na vilima na achague 20 au 22.

Yule baba alifikiri kwa muda. Akasema, "Nikirudi nyumbani sina mzigo, lakini nimekwisha choka. Na siku za magunia mawili napanda hata wakati wa kuja." Akachagua 20. Nilifurahi kwamba alichagua mwenyewe. Tena meno mawili ya nyongeza hayakudai mnyororo mpya: ilitosha kusogeza gurudumu mbele karibu milimita 6 katika fremu. Angechukua 22, yaani meno manne zaidi, ingefaa kuongeza nafasi 2 za mnyororo. Mnyororo wake tulikuwa tumeupima: sentimita 30 na milimita 6. Bado mzima.

Pana unene wa meno pia. Mnyororo wa kinga ya kawaida ni mpana, na meno yake yana unene wa karibu milimita 3. Kinga zenye duara nyingi za nyuma zina mnyororo mwembamba, na mnyororo huo haushuki juu ya meno manene. Ukiweka friwili juu ya mnyororo wako dukani, utajua mara moja.

Mwisho tuliisikiliza. Iweke sikioni, uizungushe polepole kinyume. Tik zake ziwe sawasawa, pasiwe na mahali inapokwama wala mahali inapokosa kupiga. Jaribu kuitikisa pete ya nje juu ya ile ya ndani. Mchezo mdogo si ubaya, na hata friwili njema huonekana ikiyumba kidogo inapozunguka, lakini ikicheza kama jino la mtoto wa miaka saba, irudishe. Tazama kifuniko chake chenye vitundu viwili, kiwe kimekazwa, maana kikifunguka njiani gololi zote zitamwagika barabarani. (Kifuniko hicho hukazwa kinyume cha desturi. Ukitaka kukifungua lazima ukizungushe upande ambao skrubu nyingine zote hukazwa. Mafundi wengi wachanga wamevunja patasi kwa kutojua hivyo.) Tena tazama nafasi zilizochongwa ndani kwa ajili ya kuingiza ufunguo: mbili, au nne, au meno madogo mengi. Mwulize fundi wako kama ana ufunguo unaolingana nazo. Friwili isiyo na ufunguo hapa mjini ni kama ndoa: utaingia, hutatoka.

Kuifunga ni rahisi kuliko kuitoa. Unapokanyaga kila siku wazidi kuikaza, kwa hiyo friwili ya zamani hushika sana. Ile ya yule baba tuliitoa hivi: tulitoa nati ya mhimili, tukaingiza ufunguo katika nafasi zake, tukarudisha nati juu yake kidogo ili ufunguo usiruke, tukaubana ufunguo katika jiliwa. Halafu watu wawili walishika gurudumu zima kama dereva anavyoshika usukani wa lori, wakalizungusha kwa upande wa kushoto. Ikalia kri! ikaachia. Hapo lazima kulegeza nati mara moja, la sivyo friwili itaisukuma na kuharibu mhimili. Mambo ya namna hii Wasalesiani wa Don Bosco wamewafundisha vijana wa mji huu tangu zamani. Walifika mwaka 1911, wakati mji ulipoitwa Elisabethville, miaka mingi kabla haujaitwa Lubumbashi mwaka 1966.

Ile mpya tuliifunga kwa mkono. Tulipaka girisi katika nyuzi (hapo girisi ni mahali pake, si ndani ya ndimi), tukaianza kwa vidole, polepole, mpaka ikakaa. Hatukuikaza kwa spana. Tukarudisha mnyororo, tukauacha ucheze juu na chini kwa upana wa kidole kimoja, tukakaza nati za gurudumu. Tukarudisha mnyororo, tukauacha ucheze juu na chini kwa upana wa kidole kimoja, tukakaza nati za gurudumu.

Akashuka, akasukuma kinga mpaka lango la misioni. Pedali zilitulia. Makovu ya miguu yake hayakupigwa tena. Kutoka gurudumu la nyuma ilitoka sauti moja tu, tik-tik-tik, sawasawa kama saa ya ukutani, na mwanawe akamfuata ameinama, sikio lake karibu na friwili, mpaka wakapinda njia ya Kasenga.